Betri mpya haikunisaidia: umeme ulikuwa unapotea njiani

Mimi na mke wangu tunauza vitenge kati ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na tukiwa safarini tunalala ndani ya HiAce yetu. Nyuma kuna kitanda, taa mbili na friji ndogo ya volti 12 inayotumia betri yake ya pembeni, ambayo huchajiwa kwa kebo kutoka betri ya injini iliyo mbele. Friji hiyo ndiyo inayotunza insulini ya mke wangu. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8.

Mwezi wa kumi, joto likiwa kali kabla ya mvua, friji ikaanza kuzimika alfajiri. Fundi mmoja aliitazama betri akasema imekufa. Nikanunua mpya ya ampea-saa 100. Haikupita wiki tatu, friji ikazimika tena, tukiwa Likasi, na mke wangu akaamka akazishika zile chupa moja moja kuona kama bado zina ubaridi. Siku hiyo niliogopa.

Tuliporudi nilimwendea mzee jirani yetu hapa Kamalondo, Lubumbashi, aliyefanya kazi ya umeme mgodini miaka mingi.

"Mwanangu, usinunue tena kitu," akaniambia. "Pima kwanza."

"Ndiyo, Papa."

Akanipa multimita yake, kifaa cha kupimia umeme. Asubuhi, gari likiwa limelala bila kazi, betri ya nyuma ilionyesha volti 11.9. Betri ya risasi iliyojaa hukaa karibu 12.6, na ikifika 12.2 imebaki nusu hivi. Betri mpya kabisa, na tayari ilikuwa inashinda njaa. Tukawasha injini na friji. Betri ya mbele ilisoma 14.2: altaneta, inayochaji betri injini ikiwaka, ilikuwa nzima. Nyuma, 13.1 tu. Kwa volti hizo, saa mbili za kwenda Likasi hazitoshi kuirudishia kilicholiwa usiku.

Kipimo kilichofuata ndicho nilichokipenda zaidi. Injini ikiendelea kunguruma, mzee aliniambia niweke ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri ya mbele na nyingine kwenye chanya ya betri ya nyuma. Ikasoma 0.6, yaani volti zinazopotea njiani upande wa chanya. Kisha hasi kwa hasi: 0.5. Jumla 1.1, yaani ndiyo tofauti yote tuliyokuwa tunaitafuta! Relei, swichi inayounganisha betri mbili, na fyuzi tulizipima vilevile, hazikuwa na shida.

Tukaanza na masi, yaani pale hasi inapofungwa kwenye bodi ya gari. Fundi aliyetangulia alikuwa amekaza boliti juu ya rangi ya bodi, na chini yake kutu imeshaingia. Nikapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza upya, nikapaka grisi juu. Ile 0.5 ikashuka hadi 0.1.

Halafu kebo ya chanya. Ilikuwa ya milimita mraba 6, nayo ina urefu wa mita tano: nyembamba mno kwa ampea 25 hivi. Mzee akaukwangua uzi mmoja kwa kisu. Wekundu ukatoka, ndani ukawa mweupe. Alumini iliyopakwa shaba. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 tu ya shaba, na mimi niliuziwa kwa jina la shaba, hapa Katanga ambako malori ya shaba yanapita kila siku kwenda mpakani Kasumbalesa. Sikuwa nimewahi kufikiria kuikwangua kebo kabla ya kulipa. Sasa nakwangua.

Niliweka kebo ya shaba tupu ya milimita mraba 25, na fyuzi mbili, moja karibu na kila betri, kwa sababu kebo hiyo ina betri pande zote mbili na ikigusa bodi popote inaweza kuwasha moto. Nyuma ikasoma 14.0.

Safari iliyofuata tulilala Kolwezi usiku tatu. Kila siku nilizunguka na gari mjini kupeleka mzigo, kila alfajiri nikapima kabla ya kuwasha chochote. Alfajiri ya tatu betri ya nyuma ilisoma 12.4. Mke wangu akafungua friji, kipimajoto kikiwa nyuzi 5, akachukua dawa yake.