Gitaa la umeme ni kazi ya kunyamazisha

Kuna watu watakwambia ukishajua gitaa kavu, la umeme ni hilo hilo, unachomeka waya tu basi. Wengi wanaosema hivyo hawapigi metali. Mimi nimetoka kwenye gitaa kavu nikaingia la umeme kwa nia moja tu, nipige hevi metali, na nasema hivi: vyombo ni viwili. Vidole vya mkono wa kushoto vinahama na mtaji wao. Mkono wa kulia unaanza darasa la kwanza.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi simu. Kibanda changu kipo Darajani, nakaa Jang'ombe kwa mama. Gitaa kavu nilijifunzia barazani, nyimbo zile zile za kila mtu: kodi nne (kodi ni noti kadhaa zinazopigwa pamoja), juu chini, watu wanaimba. Pale shida yako ni kuitoa sauti. Ukipiga kodi, tumbo la mbao linaitoa, inapungua, imekwisha. Ndiyo maana tunabonyeza kwa nguvu na kupiga kwa nguvu.

Gitaa la umeme ukishalitia distosheni, yaani ule mkwaruzo mzito wa makusudi wa metali, sauti haitaki kufa. Amplifaya inakipandisha kilicho kidogo na kukifyeka kinachozidi, mwisho vyote vinatoka karibu sawa: noti uliyoikusudia, uzi wa jirani ulioguswa na ncha ya kidole, mkwaruzo wa kuhama freti (vile vichuma vya shingoni) kwenye uzi mnene, hata mkono wa shati. Mama alitoka jikoni na mwiko wake mkononi akauliza, "Kuna nini huko chumbani, mnakata mabati?"

Hajui alivyopatia. Tony Iommi, mpiga gitaa wa bendi ya metali ya Black Sabbath, alikuwa kijana wa miaka 17 kwenye kiwanda cha mabati mjini Birmingham, Uingereza, mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia. Naye ni wa kushoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndio wake wa kubonyezea. Akayeyusha plastiki ya chupa ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea kofia za vidole, akafunga nyuzi nyembamba, na ilipofika 1971 alikuwa ameshazilegeza nusu toni tatu chini. Ule uzito unaousikia mpaka leo kwenye metali una mkono wa ajali ile ndani yake. Mimi fundi, hadithi kama hii nainunua bila kupatana bei.

Na nyuzi nyembamba ndizo zinazomsumbua kwanza mtu wa gitaa kavu. Langu la zamani lilikuwa na nyuzi za 12 hadi 53, yaani unene wake kwa sehemu za elfu za inchi. La umeme limekuja na 9 hadi 42. Mkono uliozoea 12 ukikamia 9, noti inapanda. Tyuna inakuonesha kila uzi upo sawa, lakini kodi inatoka imepinda, kwa sababu unaukandamiza uzi mpaka kwenye mbao. Bonyeza mpaka noti itoke safi, ukomee hapo hapo. Rahisi kusema. Vidole vyangu bado vinasahau nikikasirika.

Usijaribu pia kuhamishia nyuzi za gitaa kavu kwenye la umeme. Zile nene zimezungushiwa bronzi, na sumaku haina habari na bronzi, inataka chuma. Hili nimeliona kwa macho yangu, maana gitaa nililifungua. Nililinunua la mtumba, 450,000, limevuka na boti kutoka Dar, na tundu la waya lilikuwa linakatakata sauti. Nikatoa skrubu za kifuniko cha nyuma: waya mmoja umeachia risasi ya kuchomelea. Kwa mtu anayeshinda kutwa na bodi za simu, kazi ya dakika mbili. Lakini nilishaingia, basi nikaendelea kupekua. Chini ya nyuzi kuna sumaku, na kuizunguka kuna waya wa shaba mwembamba kupita kiasi, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, kwenye waya ule kunazalika umeme kidogo, na umeme huo ndio sauti yako. Hakuna maikrofoni wala tumbo la mbao.

Tatizo ni kwamba waya huo huo unadaka na mngurumo wa umeme wa nyumba, hezi 50 zetu hizi. Mwaka 1955 Seth Lover, fundi wa kampuni ya magitaa ya Gibson, alikuja na humbaka: koili mbili, moja imezungushwa kinyume cha mwenzake na sumaku zimegeuzwa. Mngurumo unafutana, sauti ya uzi inajumlishana. Kwa metali, ambako kila kitu kinakuzwa mara nyingi, mimi sibishani: gitaa la kwanza liwe na humbaka, hasa ile ya karibu na daraja (pale nyuzi zinapokaa mwilini mwa gitaa), nyingine hiari yako. Ukisikia kelele inashuka ukishika nyuzi na kupanda ukiziachia, usikimbilie kwa fundi. Nyuzi zimeunganishwa na ethi, yaani waya wa ardhi, kupitia daraja, ndivyo lilivyoundwa. Ikizidi, tazama kama kuna chaja ya simu imechomekwa jirani. Chaja za bei rahisi zina mdomo mrefu.

Sasa mkono wa kulia. Ukingo wa kiganja, upande wa kidole cha mwisho, unakaa pale nyuzi zinapotoka kwenye daraja. Usogeze milimita chache mbele, uzi unakufa kabisa, unabaki mgoto mkavu. Rudisha nyuma, uzi unaachia na kuvuma. Katikati pana sehemu nyembamba inayotoa ule mdundo mzito, jug jug jug, ambao ndio uliotuleta huku, na kiganja kinatakiwa kikae hapo huku vidole vya mkono huo huo vimeshika piki, kile kijipande cha kupigia nyuzi, na vinapiga. Upande wa kushoto, kidole cha shahada kinabonyeza uzi mmoja na kulala kilegevu juu ya zilizobaki ili zisiseme. Hesabu yake: napiga nyuzi mbili, nanyamazisha nne.

Kwa nini mbili? Jaribu kupiga kodi kamili ya barazani juu ya distosheni nzito, utapata uji. Distosheni inazaa sauti mpya kati ya zile ulizopiga. Chukua A ya hezi 110 na E ya hezi kama 165: tofauti yake ni 55, ambayo ni A tena, oktavu moja chini. Noti mbili zinajizalia besi yao wenyewe. Ingiza noti ya tatu ya kodi ya meja, watoto wanaozaliwa hawafanani na wazazi, wanapigana. Kwa hiyo watu wa metali hupiga pawa kodi, noti mbili tu, si kwa uvivu.

Mjomba wangu anapiga udi kwenye kikundi cha taarab. Alikuja Ijumaa moja baada ya sala, tukala, kisha akasema lete hilo dude. Nikapiga. Alisikiliza macho kayafumba.

"Punguza hiyo kelele."

"Mjomba, ndiyo metali yenyewe hiyo."

"Najua. Punguza nisikie unapiga nini."

Nikashusha geini, kitasa cha kuongeza distosheni, hadi nusu. "Ehe," akasema, "sasa nakusikia." Akalichukua gitaa, akaicheka piki kwa udogo wake (yake ya udi ni ndefu kama ulimi wa kiatu), akaanza kuurudia uzi mmoja kwa kasi, juu chini, bila kukunja uso. Kiwiko kimetulia. Kinachotikisika ni kifundo cha mkono peke yake. "Kiwiko kitakuchosha kabla ya ubeti wa kwanza kwisha." Mtu hajawahi kusikiliza metali hata nusu saa! Tangu hapo nafanya mazoezi na geini ya nusu, naipandisha mwishoni, kujifurahisha.

Mazoezi yenyewe ni ya hedifoni. Ukuta wetu na wa jirani ni mmoja, adhana ina wakati wake, na Ramadhani sauti hiyo haitoki kabisa chumbani. Chukua hedifoni za waya. Za Bluetooth zinachelewesha sauti. Unapiga sasa unasikia baadaye, na kidole kinapoteza njia. Umeme ukikatika, endelea kupiga bila kuchomeka, kiganja kinajifunza vile vile. Watu wa rika langu wanakumbuka Unguja ilivyokaa gizani Desemba 2009 hadi Machi 2010. Gitaa kavu lingekuwa mfalme. Na futa nyuzi kila ukimaliza, kwa kitambaa kikavu: hewa ya bahari na jasho huila nyuzi za chuma upesi, zile tatu nyembamba zikitangulia.

Ukijulikana Mji Mkongwe kwamba unapiga gitaa, lazima utajiwe Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Haya, kazaliwa hapa 1946, tunajua. Mimi namhusudu zaidi mpiga gitaa wake, Brian May, aliyetengeneza gitaa lake na baba yake, shingo yake ikiwa mbao ya fremu ya jiko la kuotea moto, na anapigia sarafu badala ya piki. Na wakisema metali ni mambo ya wazungu nawaambia wawasikilize kundi la Duma la Nairobi, albamu yao ya 2020, kisha wanijie. Hawajarudi.

Kwa sasa nimeushusha uzi wa sita kutoka E hadi D, ili pawa kodi nibonyeze kwa kidole kimoja. Kwa nyuzi za 9 uzi ule unalegea ukicheza kwenye freti, kwa hiyo nimeagiza seti ya 10 hadi 46, boti ya Jumamosi. Kinachokosekana ni dramu. Yakhe, kama upo Unguja hii na una miguu miwili inayoweza kwenda mbio kwenye besi dramu, kibanda kipo Darajani, uliza fundi wa gitaa. Usije na simu iliyoingia maji tu.