Habu ya nyuma ndiyo inayoamua: kuboresha baiskeli ya milima unayoitumia kila siku

Baiskeli nyingi za milima zinazouzwa mtumba hapa kwetu zinafanana: magurudumu ya inchi 26, gia 3 mbele na 7 nyuma, breki za raba zinazobana ringi, na foku (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya shokapu iliyokwisha choka. Mwenyewe huendea kazini juma zima, Jumapili akapanda nayo vilima. Ikianza kusumbua, dukani huuziwa gia. Anarudi nyumbani na boksi zuri lenye gia tisa au kumi, kisha fundi anamwambia haliingii.

Haliingii kwa sababu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Kabla hujaijua habu yako, usinunue kitu chochote chenye meno.

Kuijua hakuhitaji kufungua kitu. Simama upande wa kulia, zungusha meno ya nyuma kinyumenyume kwa mkono, na utazame katikati, karibu na ekseli. Kuna mduara wenye vijino vya kuingizia ufunguo. Ukizunguka pamoja na meno, una kaseti: sahani za meno zimechomekwa juu ya bomba lenye mifereji, na kinacholia "trr trr" kimo ndani ya bomba hilo. Ukitulia huku meno yakizunguka nje yake, una friwili ya kuskrubu. Hiyo ni kipande kimoja, meno na mlio wake pamoja, kimekazwa juu ya habu kama kifuniko cha chupa.

Friwili ina udhaifu ambao hautibiki kwa kununua friwili ya bei zaidi. Gololi za upande wa kulia zimekaa ndani ya habu, nyuma ya friwili, kwa hiyo ekseli hutokeza sentimita kadhaa bila kushikwa na kitu. Pakia gunia au abiria, pita kwenye matuta, na ekseli inapinda. Dalili yake ni gurudumu linaloyumba ingawa ringi imenyooka, gololi zinazolegea kila baada ya wiki mbili, na hatimaye ekseli kukatika upande huohuo wa kulia. Kwenye habu ya kaseti gololi za kulia zimesogezwa hadi ncha ya nje ya lile bomba, karibu kabisa na fremu, na ekseli ileile hudumu miaka.

Kwa hiyo mwenye friwili anayetaka gia za maana asinunue gia, anunue gurudumu la nyuma. Pima kwanza nafasi kati ya kuta za ndani za fremu pale ekseli inapokaa: za milima za zama hizo nyingi ni milimita 135, chache za zamani zaidi ni 130. Tafuta gurudumu la mtumba la inchi 26 lenye kaseti ya 8 au 9, spoki 32 au 36, na kama breki zako ni za ringi hakikisha ringi ina ukuta bapa wa kubanwa. Bomba la Shimano (kampuni ya vifaa vya baiskeli) la gia 8, 9 na 10 ni lilelile, hata kaseti zao za milima za gia 11 zinazoanzia meno 11 hukaa humo. Kaseti ya gia 7 pia hukaa, ukitanguliza pete ya milimita 4.5 nyuma yake. Za gia 12 zinazoanzia meno 10 hazikai. Zina bomba la aina nyingine, na duka lisilokuambia hivyo halikutakii mema.

Sasa twende kwenye gia zenyewe. Mpango unaolipa kwa baiskeli ya aina hii ni sahani moja mbele na tisa nyuma, na hesabu yake si ngumu. Seti ya kawaida ya 3 kwa 7 ina meno 42, 34 na 24 mbele, na 14 hadi 28 nyuma. Gia nyepesi kabisa ni 24 kugawa kwa 28, yaani 0.86: pedali ikizunguka mara moja, gurudumu halimalizi hata mzunguko mmoja. Nzito kabisa ni 42 kwa 14, yaani 3. Weka meno 32 mbele na kaseti ya 11 hadi 42 nyuma: nyepesi inakuwa 0.76, nzito 2.9. Kasi ya juu hujapoteza cha kulilia, mlima umekuwa mwepesi kwa zaidi ya asilimia 10, na umeondoa shifta moja (kibonyezo cha gia kwenye usukani), direla moja (kifaa kinachohamisha cheni) na waya mmoja wa kuingia tope.

Mtego uko kwenye shifta na direla. Shifta huvuta waya kwa kipimo maalumu kila unapobonyeza, na direla imetengenezwa kwa kipimo hicho. Vifaa vya milima vya Shimano vya gia 7, 8 na 9 vinasikilizana: direla ya 9 inatii shifta ya 7 bila taabu. Vya gia 10 vya milima vilibadilishwa kipimo, havichanganyiki na vya 9. Vya SRAM, kampuni nyingine, vina vipimo vyake. Microshift Advent, ambayo ni seti nzuri ya gia 9 yenye kaseti ya 11 hadi 42, nayo inataka shifta na direla zake mbili zikae pamoja. Ukichanganya, gia ya kwanza na ya pili zitakubali, ya nne itasitasita, ya sita itaruka. Fundi atazungusha skrubu mchana kutwa na hatafika popote, kwa sababu kosa haliko kwenye skrubu.

Angalia pia krenki, yaani mikono ya pedali pamoja na sahani zake. Nyingi za bei nafuu zina sahani tatu zilizopigiliwa ripiti, hazifunguki. Hapo utanunua krenki nzima. Zenye boliti nne za alama 104 (kipenyo cha mduara wa boliti kwa milimita) hupokea sahani ya meno 32. Chagua yenye meno yanayopishana, moja nene moja jembamba, kwa sababu bila direla ya mbele ndiyo yanayozuia cheni isitoke. Ifunge mahali pa sahani ya kati, kwa boliti fupi za sahani moja. Zile ndefu za zamani zitafika mwisho wa uzi kabla sahani haijabanwa. Cheni nayo iwe ya 9: ya gia 8 ina upana wa nje wa kama milimita 7.1, ya 9 kama 6.6, na ile nene itakwaruza sahani ya jirani. Urefu wake hupimwa kwa kuipitisha kwenye sahani kubwa mbele na kubwa nyuma bila kuipitisha kwenye direla, kisha kuongeza pingili mbili, moja ya ndani na moja ya nje. Kata fupi zaidi ya hapo na siku utakayoingiza gia kubwa direla itang'oka na kuingia kwenye spoki.

Lakini habu ni ya kujua kwanza, si lazima iwe ya kununua kwanza. Hela ya kwanza iende kwenye tairi.

Soma ubavu wa tairi, na utofautishe nukta na sehemu. Tairi ya 26 x 1.95 au 26 x 2.10 ni ya baiskeli ya milima. Ya 26 x 1 3/8 ni ya baiskeli nyingine kabisa na haiingii kwenye ringi hiyo, ingawa zote zimeandikwa 26. Njia salama ni namba ya mwisho kwenye maandishi kama 54-559: ile 559 ni kipenyo cha ringi kwa milimita pale tairi inapokalia. Inchi 27.5 ni 584, inchi 29 ni 622, na 28 x 1 1/2 ya ile baiskeli nyeusi ya kubebea maziwa ni 635.

Kwa njia ya udongo na changarawe, upana wa 2.1 unatosha, angalia tu kama kuna nafasi ya kidole kati ya tairi na fremu. Tope linahitaji pa kupita. Upepo ndio watu wanaokosea zaidi. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi ya 2.1 yenye tyubu anahitaji kama psi (kipimo cha upepo kwenye geji ya pampu) 30 hadi 35 kwenye udongo na 40 hadi 45 kwenye lami, nyuma mbili au tatu zaidi ya mbele. Vijana wa pampu hujaza mpaka tairi iwe jiwe, na jiwe halishiki mlima, linaruka. Ukipunguza mno nayo, tyubu hubanwa kati ya ringi na jiwe na kutoboka matundu mawili yaliyo sambamba. Ukiyaona matundu mawili, usitafute mwiba. Ongeza upepo.

Mwiba wenyewe ni habari nyingine. Kwenye nyanda kavu kama Dodoma, mbigiri humaliza viraka vya mwezi kwa asubuhi moja. Dawa yake ni maji ya kuziba yanayotiwa ndani: mililita 60 hadi 80 kwa gurudumu la inchi 26. Mfumo usio na tyubu unataka ringi iliyotengenezwa kwa ajili hiyo, na ringi nyingi za mtumba sivyo zilivyo. Tairi itaachia kwenye kona. Tia basi maji hayo ndani ya tyubu yenye valvu inayofunguka kiini. Joto letu huyakausha, kwa hiyo yaangalie kila baada ya miezi miwili. Mwiba wa mgunga uliopasua ubavu hautazibwa na maji yoyote. Na ukibadilisha aina ya valvu, kumbuka tundu la ringi: valvu nene ya aina ya gari inataka tundu la milimita 8.5, ile nyembamba 6.5. Nyembamba ndani ya tundu nene hucheza, na tyubu hukatika kwenye shina.

Breki zinafuata. Gusisha sumaku kwenye ringi: ikinasa, ringi ni ya chuma, na chuma kikilowa hakishikiki hata kwa raba ya bei gani. Ringi ya alumini iliyobonyea kama sahani pale raba zinapobana, ukiipitisha kidole unahisi shimo, imekwisha na inaweza kupasuka kwa nguvu ya upepo wa tairi. Ikiwa nzima, raba mpya zenye urefu wa milimita 70, waya mpya na kava mpya (bomba linalopitisha waya) huifanya breki ya ringi iwe ya kutegemewa. Funga raba milimita moja au mbili chini ya ukingo wa ringi, ncha ya mbele iguse kwanza kwa kama milimita moja, la sivyo italia kama mbuzi. Kava ya gia usiitie kwenye breki kamwe: nyuzi zake za ndani zimenyooka kwa urefu, zikibanwa kwa nguvu hupasuka, na zitapasuka siku utakapobana kwa nguvu zako zote.

Diski zinafaa pale tu fremu, foku na habu vyote vina mahali pake. Vyuma vya kuunganishia kwenye fremu isiyo na mahali ni vya kuachana navyo. Diski mpya ya Shimano ina unene wa milimita 1.8, ikifika 1.5 itupwe. Nyingine zimeandikwa kwamba ni za padi za resini tu, na padi za chuma huzila haraka. Padi za resini ni kimya na hushika vizuri zikiwa baridi, lakini tope huzimaliza. Kwa mtu anayeshuka na mzigo kutoka Lushoto hadi Mombo, za chuma zina nafuu. Breki za mafuta za Shimano hutumia mafuta ya madini, nyingine hutumia DOT, mafuta ya breki ya gari. Ukitia moja mahali pa nyingine, mpira wa ndani huvimba na breki hufa. Diski isafishwe kwa spiriti safi, si mafuta ya taa, kwani hayo huacha utando, na tone moja la oili ya cheni hutosha kuifanya ipige kelele bila kusimama.

Cheni pima kwa rula kila mwezi. Weka sifuri katikati ya pini moja; inchi 12 mbele inapaswa kuangukia katikati ya pini nyingine. Ikizidi kwa milimita moja na nusu, badilisha cheni. Ikizidi kwa tatu, kaseti nayo imeliwa, na cheni mpya juu yake itaruka.

Foku iwe ya mwisho, na pengine isiwepo kabisa. Foku nzuri za inchi 26 zimeadimika tangu viwanda vihamie 27.5 na 29. Ile ya springi ya bei nafuu ina uzito wa karibu kilo mbili na nusu, na ikishika kutu inakuwa foku isiyocheza, nzito bure. Foku ngumu ya chuma yenye urefu uleule hupunguza kilo nzima. Ukipata ya shokapu ya upepo badala ya springi, isizidi ile ya zamani kwa zaidi ya milimita 20 za mchezo (kina cha kubonyea), na bomba la usukani liwe la kipenyo cha fremu yako, na lisiwe limekatwa fupi na mwenye nalo wa kwanza.

Ukifungua krenki au kiungo cha gololi ambacho krenki huzungukia, kikombe chake cha kulia kina uzi wa kinyume, na pedali ya kushoto vilevile. Kifyatuzi cha krenki (chombo cha kuing'olea) kiingie uzi wote kabla hujakaza, kikishika nusu kitaondoka na uzi wa alumini. Boliti za krenki yenye tundu la pembe nne zinataka kukazwa kwa kama Nm 40: kwa spana ya sentimita 20, ni uzito wa kilo 20 kwenye ncha yake. Baada ya kilomita 50 za kwanza zikague tena, hasa ya kushoto. Krenki ya alumini ikitembea imelegea hata jioni moja, tundu lake hupanuka, na hapo hakuna kukaza kutakakoisaidia.