Bei ya Mafuta na Mzigo wa Ndugu Yako

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii kila nikipiga magoti akili inarudi sheli. Tangu EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia bei za mafuta, watangaze bei kikomo za mwezi huu Jumatano, nikijaza bajaji naona shilingi kwenye pampu zinakimbia, lita zinajikokota. Sisi wa Kigoma tunajua: soko la dunia likipanda, dola nayo ikipanda, nchi nzima inaumia, lakini mafuta yakishashushwa bandarini Dar es Salaam yana safari ya zaidi ya kilomita 1,200 mpaka yafike huku mwisho wa reli, na gharama ya safari hiyo tunailipa sisi.

"Msisumbukie ya kesho." Neno hili naliamini. Ila wiki hii nimelishika kwa kung'ang'ania, maana kwa dereva, ya kesho huanza jioni hii hii, bosi anapongoja hesabu yake, ile fedha ya chombo ya kila siku.

Kwenu madereva wenzangu nina machache. Angalieni upepo wa tairi, safisheni plagi, msizunguke bila abiria. Wanaozima injini kuteremka kutoka Mwanga kwenda stesheni ili kubana mafuta, acheni kabisa. Breki zikikataa na umembeba mama wa watu na kichanga mgongoni, utakuwa umeokoa nini? Na anayempandishia nauli mara tatu mgonjwa anayekimbizwa hospitali ya Maweni usiku, asome Mithali 11:1 kabla hajalala.

Lakini mzigo nilio nao moyoni ni juu yenu wenye bajaji na bodaboda, na wengi wenu tunasali pamoja. Mafuta yamepanda, hesabu mnaitaka ileile. Kijana anatoka alfajiri kuwawahi akina mama wa dagaa Kibirizi, anarudi saa nne usiku, na akishatoa ya mafuta na yako, inayobaki hainunui hata unga wa siku mbili. Siku isipotimia unamwandikia deni. Jumapili unasimama kutoa shukrani kwamba biashara inakwenda vizuri. Inakwenda vizuri kwa nani, mpendwa? Yakobo anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na vilio vimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Utasema hujazuia ujira wa mtu, mlikubaliana. Ni kweli mlikubaliana, lakini kwa bei ile ya zamani. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha mafuta, serikali ilitoa ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi wa Juni ili wananchi wasibebe makali yote peke yao. Iwe serikali imeliona hilo, na wewe uliyeokoka usilione?

Nashuhudia nililotendewa. Bosi wangu ni mjane, anauza mawese sokoni. Jumatano ile jioni nilimpelekea hesabu kamili. Akaihesabu taratibu, akafunga sehemu yake kwenye pindo la khanga, noti mbili akanirudishia mkononi. "Hizi ni za mafuta, mwanangu. Bei ikishuka tutarudi kama zamani." Mama huyu anasomesha, na madumu yake ya mawese nayo yanapanda gari kwa nauli mpya. Sikuweza kujibu, nilisema amina tu. Nimesoma Wagalatia 6:2 tangu nikiwa kijana, "Mchukuliane mizigo", lakini siku ile niliiona ikitendeka mbele yangu.

Basi wewe mwenye bajaji, mwenye bodaboda, usingoje dereva wako akuombe. Hatakuomba, anaogopa utampokonya funguo. Mwite wewe. Muulize anajaza lita ngapi kwa siku na anabakiwa na nini, umsikilize mpaka amalize bila kumkatiza. Kisha mpunguzie, hata kama ni kidogo, na deni la siku mbaya lifute. Fanya hivyo kabla ya Jumapili, ndipo uje na sadaka yako.