Taa ya pakingi ya nyuma kushoto: hatimaye imenyamaza

Imenyamaza! Jana usiku hapa Arusha nimetoka Njiro hadi Kisongo na kurudi, nikapita foleni ya Kilombero makusudi, breki na indiketa zikifanya kazi kila baada ya mita chache, na ile alama ya globu ya njano kwenye dashibodi, inayodai taa ya pakingi ya nyuma kushoto imekufa, haikujitokeza. Naandika leo leo kwa sababu karatasi ya vipimo tayari imeloa grisi na kesho haitasomeka.

Kwa wanaofuatilia habari za huyu Mjerumani wangu (sedani, imetokea Japani, skrini mpaka leo inaongea Kijapani, ila mchoro wa globu hauhitaji mkalimani), tuliishia hivi: globu mpya haikusaidia. Kuhamisha globu ya kushoto kwenda kulia na ya kulia kuja kushoto hakukusaidia pia, lalamiko lilibaki kushoto. Hapo globu ikatoka kwenye orodha ya watuhumiwa. Nikasugua soketi kwa msasa laini, ikakaa kimya, nikaanza kujisifu, halafu jioni moja ya mvua pale Sanawari kwenye foleni ikarudi. Ukishuka ukazunguka nyuma, taa inawaka kama kawaida. Hicho ndicho kilichonichosha kuliko kitu chochote kwenye gari hili: dashibodi inasema taa imekufa, na taa yenyewe inakukodolea macho. Na trafiki akikusimamisha usiku, hasomi dashibodi, anatazama taa. Siku ikizimika kweli mbele yake, hiyo ni elfu thelathini.

Ilibidi nirudi kwenye swali ambalo mafundi wengi huliruka: gari linajuaje kwamba taa imekufa? Haina jicho la kutazama nyuma. Inachofanya kompyuta ya taa ni kupima umeme unaopita. Uzi wa pakingi kwenye globu ya P21/5W (yenye nyuzi mbili, mmoja wati 21 na mwingine wati 5) ni wa wati 5, kwa hiyo kwenye volti 12 unakula kama ampia 0.4. Umeme ukishuka chini ya kiwango ilichowekewa, kompyuta inasema globu imekatika, haijali kama ni globu, pini, waya au ethi (njia ya umeme kurudi negativu ya betri kupitia bodi ya gari). Nyingine hupima hata taa zikiwa zimezimwa: zinatuma mapigo mafupi sana ya umeme, uzi haupati muda wa kuwaka, lakini jibu linapatikana. Ndiyo maana ujumbe unaweza kutokea mchana kweupe ukiwa hujagusa swichi ya taa.

Kijana mmoja wa duka la spea kule Unga Limited alikuwa na dawa yake: "Braza, achana na hizi globu za nyuzi, weka LED, utasahau." Nikachukua jozi ya zile ndogo za mbele, W5W, nione kwa macho yangu kinachosemwa kila siku. Matokeo ni yaleyale mnayoyajua: LED inakula wati moja au chini ya hapo, kompyuta ikaona umeme haupo, na sasa nikawa na malalamiko ya mbele juu ya lile la nyuma. Usiku gari likiwa limezimwa tu, LED zinapepesa kwa mbali kwa sababu yale mapigo ya kupimia, ambayo hayawezi kuwasha uzi, yanatosha kuwasha LED. Kuna zile zinazouzwa kama hazileti ujumbe. Ndani yake kuna rezista inayopoteza umeme kuwa joto ili kompyuta iridhike. Kwa hiyo unanunua taa ya kuokoa umeme halafu unaulipia tena umeme uleule uchemshe plastiki ya taa yako. Nimezitoa zote mbili. Globu ya nyuzi ya wati 5 inatosha, na bei yake haiumi.

Sasa, tatizo lenyewe.

Nilianza kwa mita kwenye mlio, pale inapolia ikikuta njia ya umeme haijakatika. Kila mtu anafanya hivyo: ncha moja kwenye waya wa kahawia wa taa (kwenye magari ya Kijerumani kahawia ni ethi), ncha nyingine kwenye bodi, piiii, safi, tuendelee. Mita yangu ikalia. Ikalia kwenye plagi, ikalia kwenye soketi, ikalia kila mahali. Nikaiweka kwenye omu, ikasoma chini ya moja, na nyaya za mita peke yake zikigusanishwa zinasoma karibu hapohapo. Kwa ushahidi huo ethi ni nzima, na ndivyo alivyoniambia fundi umeme niliyempelekea gari kwanza. Alipima, ikalia, akaniambia, "Mkuu, waya wako hauna shida, hiyo ni kompyuta." Kompyuta ya taa kwa bei aliyonitajia ningepata ng'ombe.

Mlio wa mita unatuma umeme mdogo mno. Nyuzi moja ya waya iliyobaki baada ya nyingine zote kukatika inatosha kabisa kuifanya mita ilie. Lakini taa ya nyuma haibebi umeme wa mlio. Hesabu mwenyewe kwa upande mmoja: pakingi wati 5, breki wati 21, indiketa wati 21. Hizo ni karibu ampia 4, na kwenye gari langu zote zinarudi kwa waya mmoja wa kahawia na pini moja ndani ya plagi. Kipimo kinachofaa ni kupima volti zinazopotea njiani wakati mzigo upo, yaani taa zikiwa zinawaka. Mita kwenye volti za DC, ncha nyekundu kwenye bati la ethi ndani ya kishikio cha globu, ncha nyeusi moja kwa moja kwenye negativu ya betri (nililazimika kuunga waya mrefu, na shemeji akakaa ndani kukanyaga breki). Ethi ikiwa nzima unatakiwa usome karibu na sifuri. Ukizidi 0.2 anza kutafuta.

Pakingi peke yake: 0.27.
Pakingi na breki: 1.4.
Pakingi, breki na indiketa: namba ikawa inacheza, indiketa ikiwaka inaruka hadi 2.4, ikizima inarudi 1.4.

"Shem, rudia kukanyaga," nikamwambia, siyo kwa sababu sikuamini, ni kwa raha tu ya kuiona ile namba ikiruka. Upande wa kulia, kipimo kilekile na mzigo uleule, ilisoma 0.06.

Ukizidisha volti 2.4 kwa ampia 3.7 hivi unapata karibu wati 9. Maana yake ni kwamba mahali fulani kati ya kishikio na betri kulikuwa na kitu kinachochemka kuliko globu ya pakingi yenyewe, na hakuna anayekiona kwa sababu hakitoi mwanga. Halafu foleni ndiyo hali mbaya kabisa kwake: mguu hauachi breki, indiketa inapiga, usiku pakingi ziko juu. Pini inapata joto, inalegea, tuta linatikisa, inaachia kwa nukta moja, kompyuta inaona umeme umekata, alama ya njano. Unashuka kuangalia, umeachia breki, pini imepoa, taa inawaka. Kila kitu ambacho kilikuwa kinanitia wazimu kimo ndani ya namba hizo tatu.

Nikahamisha ncha nyekundu hatua kwa hatua. Kwenye kishikio 2.4. Upande wa pili wa plagi, kwenye waya wa kahawia, nikidunga sindano ya kushonea pembeni ya ganda: 0.05. Basi ni plagi. Niliivuta, na kwa nje haina kasoro, rangi safi, kilipu kinashika. Ndani, pini ya ethi peke yake imezungukwa na plastiki yenye rangi ya ukoko wa wali, na ile pini ya kike imepanuka kiasi kwamba dume linaingia bila kushikwa. Pini jirani zote zinang'aa. Nilikuwa nimeshaichomoa plagi hii na kuirudisha wakati wa kuhangaika na globu, na kila nikirudisha, pini inajikuna kidogo, inashika vizuri kwa muda. Kumbe ule ukimya wa baada ya msasa haukuwa wa msasa.

Ukarabati wenyewe hauna hadithi ndefu. Plagi ya mtumba yenye mkia wa waya nimeipata Unga Limited kwa muuza spea wa magari yaliyochinjwa, nimechagua moja ambayo pini ya ethi haijabadilika rangi (angalieni hilo, nyingi alizonitolea zilikuwa na ugonjwa uleule). Nimeunga waya kwa waya. Kisha nimeongeza waya wa pili wa ethi, milimita za mraba 2.5, kutoka kwenye bati la kishikio hadi kwenye bolti ya bodi ndani ya buti, rangi ikikwanguliwa mpaka chuma cheupe, grisi juu yake kuzuia kutu. Yule fundi umeme, baada ya plagi kugundulika, alitaka huo waya wa pili peke yake, plagi iachwe ilivyo. Ungefanya kazi, sikatai, lakini pini iliyoungua nayo ingeendelea kubeba sehemu ya mzigo, na mimi silali gari likiwa na plastiki iliyokwisha kuiva pembeni ya zulia la buti. Vipimo baada ya hapo, mizigo yote mitatu ikiwaka: 0.04. Ujumbe umejifuta wenyewe, kompyuta ilipoona umeme umerudi.

Tahadhari moja kwa wenye magari ya aina hii: kompyuta nyingine hazina fyuzi za taa kabisa, zenyewe ndizo zinajilinda, na waya ukipiga shoti mara nyingi zinafunga ile njia ya taa jumla. Ikifika hapo unaweza kurekebisha waya vizuri na taa isiwake mpaka mtu mwenye mashine sahihi aifungue. Kwa hiyo msichezee kugusisha nyaya "kuona cheche". Na kile kidude cha bluutuuthi cha kuchomeka chini ya usukani tunachonunua kwa bei ya soda na chipsi kwa kawaida kinasoma injini tu. Kwenye taa kitakwambia gari halina tatizo, na utakiamini.

Kuhusu kuunga waya, najua humu kuna wa risasi (ya kuyeyusha kwa moto) na wa kubana. Kwenye buti mimi ni wa kubana. Risasi inaufanya waya uwe mgumu kwenye mwisho wa kiungo, na buti linafunguliwa na kupigwa kila siku, unakatikia hapohapo. Ila uwe na koleo ya kubania ya kweli. Ile ya kumenya waya yenye tundu la kubania pembeni ni mapambo. Tepu nyeusi msinitajie, kwa vumbi la Arusha inageuka gundi ndani ya msimu mmoja. Mpira wa kusinyaa kwa moto ndiyo jibu, na kiberiti cha gesi kinatosha.

Leo nilipanga kumalizia taa za namba na kusugua vioo vya taa za mbele. Sikugusa hata kimoja. Asubuhi jirani, mama mmoja mwenye Benzi, alinigongea: "Baba, hebu njoo uione hii, taa za upande mmoja hazizimi, fundi kasema ni waya." Nikaenda na mita na kila kitu, na sikuifungua hata mita. Swichi ya taa ilikuwa imezungushwa hadi kwenye P yenye mshale. Ujerumani, ndani ya mji, gari lililoegeshwa barabarani usiku linaruhusiwa kuwashwa taa za pakingi za upande mmoja tu, ule unaotazama magari yanayopita, ili betri isiishe. Taa mbili za wati 5 hazifikishi ampia moja, ilhali pakingi zote pamoja na taa za namba ni kama 2.5. Kwenye Benzi ni kwenye swichi. Kwenye Wajerumani wengine ukizima gari mkono wa indiketa ukiwa umeachwa chini au juu, upande huo unabaki unawaka. Huku kwetu tunaendesha kushoto, kwa hiyo ukiegesha pembeni ya barabara upande wa kuwasha ni wa kulia. Tulizungusha swichi, taa zikazima, nikapewa chai na maandazi.

Wakati nakunywa chai ndipo likanijia wazo ambalo limekula siku nzima: boksi la mzigo. Vile vipimo vyote vilinihitaji shemeji ndani ya gari, na mara nyingine hayupo. Nimechukua soketi mbili za P21W na moja ya W5W, swichi tatu, kipande cha mbao, na waya wenye vikamatio vya mamba. Unachomoa plagi ya taa, unaingiza boksi mahali pake, unawasha mzigo unaoutaka mwenyewe kutoka kwenye betri, na unapima ethi peke yako. Ni globu za nyuzi kwa makusudi, maana nahitaji zile ampia 4. Soketi moja ya mtumba inayumba, kesho nitaibadilisha. Nikimaliza nalipeleka kwanza kwa yule fundi umeme aliyesema ni kompyuta, nipime naye taa za wateja wake.