Filamu za Kutisha Ambazo Siri Yake Haiishi

Rafiki yangu mmoja, ambaye kwa filamu za kutisha ni shabiki kindakindaki kama mimi, alikataa kwa miaka mingi kuitazama The Wicker Man kwa sababu moja tu: kuna mtu aliwahi kumsimulia mwisho wake. Hoja yake ilikuwa kwamba filamu ya namna hiyo ni kitendawili, na kitendawili kikishateguliwa hakitegwi tena kwa mtu yuleyule. Tulibishana juu ya jambo hilo mara nyingi, na kila tulipobishana nilizidi kuamini kinyume chake, kwamba filamu za kutisha na za taharuki zinazodumu na mashabiki wake kwa miongo kadhaa ni zile ambazo huanza kutisha kwelikweli baada ya siri kufichuka. Katika kulieleza hilo nitaitaja miisho waziwazi, kwa hiyo asiyependa kuijua na aishie hapa.

Nianze na hiyohiyo aliyoikataa. Mwaka 1973 Robin Hardy aliongoza kisa cha Sajini Howie, polisi Mkristo asiyeyumba katika imani yake, anayekwenda katika kisiwa cha Summerisle kumtafuta msichana aliyepotea anayeitwa Rowan. Mtazamaji wa mara ya kwanza hufuatana na polisi huyo hatua kwa hatua, akimshuku anayeshukiwa na kuamini kwamba msichana ama ameuawa au yuko mbioni kutolewa kafara. Kumbe kafara ni polisi mwenyewe, anayechomwa moto ili mavuno ya kisiwa yasikosekane tena, na msichana alikuwa chambo. Ukirudi mara ya pili unakuta filamu nyingine kabisa, ambamo kisiwa kizima kinaigiza mbele ya mtu mmoja, na kila anayejibu maswali yake ni kama anajizuia asicheke.

Litazame hasa tukio la darasani. Howie anafungua deski lisilo na mwenyewe, na ndani yake anamkuta mdudu aliyefungwa kwa uzi kwenye msumari. Msichana wa deski la jirani anamweleza kwamba mdudu huyo huzunguka upande mmoja tu, uzi ukajiviringisha na kufupika, mpaka mwisho anabanwa kabisa kwenye msumari. Mara ya kwanza nilidhani ni kionjo cha ukatili wa watoto, nikapita. Mara ya pili nilimtazama Howie akimtazama yule mdudu, nikatambua kwamba alikuwa amekwisha kuambiwa mwisho wake, tena angali na nafasi ya kuondoka. Kwangu mimi hakuna tukio la kutisha kulishinda hilo katika filamu nzima, hata lile la moto. Na filamu yenyewe, ilipotoka Uingereza, ilikatwakatwa na kuonyeshwa kama nyongeza ya filamu nyingine!

Inayonipa nguvu zaidi katika ubishi huu, hata hivyo, ni The Thing ya John Carpenter. Ilitoka Marekani tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T. ya Steven Spielberg, wakati watazamaji walikuwa wamekwisha kumpenda kiumbe mpole kutoka sayari nyingine na hawakuwa na hamu ya kumwona mwingine anayemeza watu. Wahakiki wengi waliiponda, na ni kanda za video na televisheni zilizoipatia wafuasi ilionao leo. Wanaume 12 katika kituo cha utafiti huko Antaktika wanavamiwa na kitu kinachoweza kujigeuza nakala ya yeyote kinayemnasa. Filamu inafunguka kwa helikopta ya Wanorwei inayomfukuza mbwa kwenye theluji, na mmoja wao anapofika kituoni anafyatua risasi huku akipayuka kwa lugha yake. Wamarekani hawamwelewi, wanamuua, kisha wanamkaribisha mbwa ndani. Anachopayuka mtu yule, kwa anayejua Kinorwei, ni kwamba huyo si mbwa, ni kitu kinachojifanya mbwa. Siri yote imetangazwa katika dakika za mwanzo, kwa sauti kubwa, mbele ya wote, na haikumsaidia yeyote.

Halafu kuna tukio la kupima damu, ambalo nimelitazama mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. MacReady amewafunga wenzake kamba, amechukua damu ya kila mmoja, na anachovya waya uliopashwa moto katika kisahani kimoja baada ya kingine, akiamini kwamba damu ya kile kitu itajitetea yenyewe. Waya unaingia, damu inachomeka, hakuna kitu. Kisahani kinachofuata, hakuna kitu. Sikio linaizoea ile sauti. Garry, mkuu wa kituo, anasema jaribio hilo ni upuuzi, MacReady anamjibu kwamba yeye atapimwa wa mwisho, nasi macho yetu yanamgeukia Garry. Na ni papo hapo, mkono wa MacReady ukiendelea na kazi kana kwamba hauna habari, damu ya Palmer inaruka kutoka kisahanini. Mara ya kwanza niliruka nayo. Siku hizi kisahani sikiangalii. Namwangalia Palmer, aliyeketi kimya amefungwa pamoja na wenzake, ambao hawajui wamefungwa pamoja na nini.

Psycho ya mwaka 1960 ina ushahidi wa aina nyingine. Alfred Hitchcock alisisitiza kwamba mtu asiruhusiwe kuingia ukumbini filamu ikishaanza, na sababu yake inaeleweka, kwa kuwa mhusika tunayemfuata, Marion Crane, anauawa bafuni kabla filamu haijafika nusu. Kwa watu waliozoea kwamba steringi hafi, hilo lilikuwa pigo. Lakini leo ni nani asiyejua habari za bafu lile? Limesimuliwa mno hata limepoteza makali yake, na mimi hulitazama kama mtu anavyotazama jengo maarufu ambalo picha zake amekwisha kuziona kila mahali. Ninachokingoja ni kinachofuata. Norman Bates, kijana mwenye moteli ambamo Marion ameuawa, anasafisha bafu taratibu, anaubeba mwili hadi kwenye gari, anatupia humo na gazeti ambamo zimefichwa dola 40,000 alizoiba marehemu, bila kujua zimo, kisha analisukuma gari kinamasini. Gari linazama, linazama, halafu linakwama, paa likiwa bado linaonekana juu ya tope. Norman anaacha kutafuna, anatupa macho huku na huku. Na mtazamaji, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa upande wa Marion, anajikuta akiomba gari lizame, na linapozama anashusha pumzi. Tumehamishiwa upande wa pili bila kuulizwa. Anayeitazama mara ya kwanza anaweza kujitetea kwamba alikuwa akimhurumia kijana anayemficha mama yake. Sisi tunaorudia, tunaojua kwamba mama amekwisha kufa zamani na muuaji ni Norman mwenyewe, hatuna hata kisingizio hicho. Sehemu pekee inayochuja kila nikirudia ni yale maelezo marefu ya daktari wa akili karibu na mwisho, kwa sababu hayo yalitengenezwa kwa ajili ya asiyejua.

Night of the Living Dead ya George Romero, ya mwaka 1968, iligharimu takriban dola 114,000 tu. Msambazaji alipobadilisha jina lake, alama ya hakimiliki iliachwa nje ya nakala, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule kosa hilo lilitosha kuifanya mali ya umma, ikawa yeyote anaweza kuionyesha bila kulipa. Waliohangaika kuitengeneza walikosa fedha ambazo zingekuwa haki yao, lakini filamu ilifika mahali ambapo isingefika kwa njia nyingine. Watu wachache wamejifungia katika nyumba iliyozingirwa na wafu waliofufuka wanaokula watu, na ubishi mtamu ni wa chumba chake cha chini ya ardhi. Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, anasema chumba kile ni mtego. Harry Cooper, mtu mkali na mwoga ambaye hakuna anayempenda, anang'ang'ania kwamba ndipo mahali salama. Mara ya kwanza sote tuko na Ben. Mara ya pili tunakumbuka kwamba Ben anaupita usiku ule kwa kujifungia mlemle chini, baada ya wenzake wote kufa. Basi Cooper alikuwa sahihi? Au hakuwa sahihi, kwa kuwa binti yake aliyeng'atwa na mmoja wa wafu hao alikuwa humo humo na angewageuka? Nimesikia watu wazima wakikosana kwa ajili ya swali hilo, tena kabla hawajafika asubuhi, Ben anapopigwa risasi na watu waliokuja kuokoa.

Wapo wanaoniambia kwamba ninayoyaeleza ni starehe ya mtu wa kuchambua, na kwamba hofu halisi ni ule mstuko wa mwili ambao haurudi mara mbili. Kwao huwa nawatajia Audition ya Takashi Miike, ya mwaka 1999, ambayo kwa muda mrefu hujifanya filamu ya mapenzi kuhusu mgane anayeitisha usaili wa uongo ili ajichagulie mke. Halafu tunamwona Asami, yule aliyemchagua, ameketi sakafuni kichwa kimeinama, nywele zimemfunika uso, simu iko mbele yake na gunia liko nyuma. Simu inalia. Anatabasamu. Gunia linaruka. Kujua kilichomo ndani hakujanipunguzia chochote. Kumenifanya nianze kuliogopa gunia tangu mgane anapoinua simu.

Haki yake nimpe pia rafiki yangu. Les Diaboliques ya Henri-Georges Clouzot, ya mwaka 1955, inafunga kwa maandishi yanayomwomba mtazamaji asiwaharibie marafiki zake kwa kuwasimulia alichokiona, na nilipoirudia, maiti inayoinuka kutoka majini haikunifanya kitu. Kinyume chake ni Spoorloos ya Uholanzi, ya mwaka 1988, kuhusu mwanamume anayemtafuta mpenzi wake aliyetekwa, ambayo inamwonyesha mtekaji mapema, baba wa familia anayejaribu klorofomu juu yake mwenyewe ili ajue itamlaza kwa muda gani. Mwaka 1993 mwongozaji yuleyule, George Sluizer, aliitengeneza upya huko Marekani na kuugeuza mwisho ili mhusika anusurike. Sijakutana na shabiki anayeirudia hiyo ya pili.

Hatimaye yule rafiki alikubali kuitazama The Wicker Man, nusu kwa kunichoka. Kwenye deski na mdudu hakusema kitu. Alinisimamisha mwishoni kabisa, pale Howie, akijua hana pa kukimbilia, anapomwambia Lord Summerisle mbele ya watu wake kwamba mavuno yakikosekana tena mwakani, atakayechomwa atakuwa yeye mwenyewe mkuu wa kisiwa. Christopher Lee, anayemwigiza mkuu huyo, anajibu kwamba hayatakosekana, lakini kabla ya kujibu uso wake unabadilika. Nilikuwa nimeitazama filamu hiyo mara tano au sita na sikuwahi kuuona uso ule. Tuliirudisha nyuma mara tatu. Yeye anasema ni uso wa mtu ambaye siku zote alijua kwamba kafara ni uongo. Mimi nasema ni uso wa mtu aliyekuwa akiamini, na ndiyo kwanza shaka inamwingia. Hatujaelewana, na wiki ijayo tunaitazama tena.