Karo halijajaa, ardhi ndo imekataa

Kila masika ikianza huku kwetu Boko, Dar, upande wa bondeni habari ni ileile, karo la choo limejaa, nani ana namba ya gari la maji taka. Gari linakuja, linanyonya, unalipa, siku chache mbele choo kinagoma tena na chemba inabubujika. Majirani wanasema fundi alijenga karo dogo. Mimi nasema karo mara nyingi halina shida, shida ni udongo, na inaniuma kuona watu wanamaliza hela kutibu kisichoumwa.

Iko hivi, karo kazi yake ni kutuliza tu. Kinyesi kinazama kinakuwa tope, mafuta yanaelea juu, maji ya katikati yanatoka kwenda shimo la pili, lile la kunyonya. Hayo maji bado yana vijidudu, anayeyasafisha ni udongo wenyewe. Sasa huku mfinyanzi ukilowa unavimba, vitundu vinajifunga, alafu maji ya ardhini nayo yanapanda karibu kabisa na juu. Maji taka yaende wapi? Na gari likishanyonya, maji ya ardhini ndo yanaingia kwenye lile shimo kupitia matundu yaleyale, kwahiyo unakuwa umelipia kunyonya maji ya mvua ya mtaa mzima. Na kama karo lako ni tanki la plastiki ndo kabisa usilimalize lote wakati wa mvua, likiwa tupu linaweza kunyanyuliwa na maji ya chini likang'oa mabomba.

Mafundi wengi dawa yao ni moja, tuongeze kina. Jamani hapana!! Ukiongeza kina unayafuata maji chini, na kitako cha shimo la kunyonya kinatakiwa kiwe juu ya maji ya ardhini angalau mita moja na nusu, la sivyo unamwaga choo moja kwa moja kwenye maji ambayo jirani anayavuta kisimani.

Kabla hujajenga pima udongo, ni rahisi sana. Chimba kishimo hapo pa kunyonyea, jaza maji, acha yalale usiku mzima, kesho yake jaza tena uangalie yanashuka kwa kasi gani. Yakichukua zaidi ya saa nzima kushuka sentimita 2.5, shimo la kawaida hapo halitafanya kazi. Na usipime kiangazi bila kulowesha kwanza, mfinyanzi mkavu una nyufa, udongo utayanywa maji vizuri tu mbele ya macho yako, ukija mwezi wa nne ni bwawa.

Kwa mama tuliachana na shimo refu tukaweka mtaro mrefu mwembamba usioenda chini sana, juu tumepandisha tuta la mchanga na kokoto, bomba lenye matundu linapita humo. Tulichimba ardhi ikiwa kavu kwa sababu jembe likipita kwenye mfinyanzi mbichi linaupaka ukuta kama lipu, maji hayapiti tena, hata hivyo kuta tulizikwangua kwa reki. Maji ya bati yana gata zake yanaenda mbali na pale, na koki ya tanki la choo iliyokuwa inavuja mchana na usiku ilibadilishwa, maana ule mchirizi mdogo unajaza karo kuliko watu wa ndani. Uzuri nyumba yake ipo juu kidogo ya kiwanja, maji yanateremka yenyewe. Kama bado uko kwenye msingi, pandisha, pandisha, ukishapaua utahitaji pampu na umeme wetu mnaujua.

Pale ambapo hata tuta haliwezekani bora karo lililozibwa kila upande lisilovuja ulinyonyeshe kila likijaa, ni gharama ila ni salama. Kutapisha choo usiku mvua ikinyesha, yaani kufungulia maji taka yaende kwenye mtaro wa mtaani, hapana, mtaro huo ndo watoto wetu wanavuka kwenda shule asubuhi, na kipindupindu tunakijua hapa Dar.

Kwenye tuta la mama tumepanda majani tu na migomba pembeni kidogo, inakunywa sana. Mchicha na matembele usipande pale, na mti mkubwa usiuweke karibu, mizizi itaingia kwenye bomba.