Siku moja maishani mwangu: fundi wa madirisha msimu wa masika

Saa 12 asubuhi. Mvua imepiga Tandika usiku kucha, na simu imejaa ujumbe. Kiangazi hakuna anayekumbuka dirisha lake. Masika wote wananikumbuka kwa pamoja. Mama mmoja wa Kigamboni ametuma video: maji yanachuruzika kwenye komeo la dirisha la chumbani na kushuka ukutani hadi kwenye godoro. Chini ameandika, "Fundi, njoo na silikoni." Nitabeba, ingawa sipendi kuandikiwa dawa kabla sijamwona mgonjwa.

Saa 2. Kariakoo. Nanunua kwa mita mpira wa dirisha, ule utepe unaoziba upenyo kati ya dirisha na fremu, skrubu za stenlesi, na bomba la silikoni isiyonuka siki. Ile inayonuka siki ni ya bei rahisi, ila asidi yake hula baadhi ya metali na haipatani na saruji. Karibu na bahari chumvi peke yake inatosha kutafuna skrubu. Kisha Magogoni, pantoni, foleni, hayo mnayajua.

Saa 4. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi aliyepita kapaka silikoni dirisha zima, na maji bado yanaingia."

Ni dirisha la alumini la kufungukia nje, ghorofani, linatazama kusi mashariki na roshani isiyo na paa. Upepo wa kusi unalipiga usoni. Silikoni imepakwa kila mahali kweli, hadi kwenye matundu ya chini ya fremu. Matundu hayo si kasoro ya kiwandani! Dirisha la namna hii halitegemewi kuzuia kila tone: maji machache huingia kwenye mfereji wa fremu, na hayo matundu huyarudisha nje. Ukiyaziba, mfereji unajaa na maji yanatafuta njia ya chumbani.

Sasa komeo. Nafunga dirisha juu ya kipande cha karatasi, kisha nakivuta. Katikati, penye komeo, karatasi inashika kidogo. Kona ya juu inatoka bila kubishana. Dirisha refu lenye komeo moja hubanwa mahali pamoja tu, kona zinabaki wazi. Na huu mpira umesinyaa kwa jua, umeachana kabisa kwenye kona.

Namwambia kijana wangu apande roshani na bomba la maji, aanze kumwaga chini na kupanda taratibu. Ukianzia juu, kila kitu kinalowa na hujui tundu ni lipi. Akifika kwenye komeo, ndani pakavu. Akifika kona ya juu, maji yanatokea kwenye komeo.

"Kumbe hayaingii hapa?" mama anashangaa.

Yanaingia juu, yanateremka ndani ya mfereji wa pembeni, na yakifika kwenye komeo, ambapo mpira umekatwa kuupisha ulimi wa komeo, upepo unayasukuma chumbani. Namuuliza kama mvua ikinyesha huacha wazi dirisha la upande wa pili. Ndiyo, apate hewa. Hapo upepo unasukuma kutoka nje na chumba kinavuta kutoka ndani, na maji hupita hata kwenye upenyo ambao siku nyingine usingevuja.

Saa 6. Kazi yenyewe. Inayokula muda ni kukwangua silikoni ya mwenzangu. Matundu ya chini nayazibua kwa drili ya milimita 6, nikitoboa ukuta wa nje wa fremu tu. Ukipitiliza hadi wa ndani umejitengenezea bomba la kuingiza maji chumbani. Mpira mpya naukata mrefu kidogo na kuusukumiza bila kuuvuta, maana uliovutwa utasinyaa tena, kisha nagundisha kona. Kile kipande cha kwenye fremu ambacho ulimi wa komeo hukanyaga kimelika, kwa hiyo nakiinua kwa plastiki nyembamba chini yake. Sasa mkono wa komeo unageuka kwa uzito na dirisha linavutwa ndani.

Saa 8. Wali maharage kwa mama ntilie. Mawingu yanajikusanya.

Saa 9. Karatasi inashika pande zote. Bomba la maji tena, kabla ya silikoni yoyote: maji yanatoka kwenye matundu ya chini, nje, panapostahili. Nafuta fremu ikauke, napaka silikoni kidogo kwenye kila skrubu ya komeo kabla ya kuikaza, basi. Juu ya alumini yenye unyevu haishiki, na huchukua siku nzima au zaidi kukauka hadi ndani.

Saa 11 jioni. Mama ananilipa, anaangalia bomba la silikoni. "Mbona hujalimaliza?"

"Lililobaki ni lako, mama. Ila matundu ya chini usiyaguse, na vumbi likijaa yapitishie mswaki wa zamani."

Anacheka, anadai kitanda anakirudisha dirishani leo leo. Namwomba asubiri mvua moja.